Jina la Mwisho Kwenye Kalenda ya Mama Caren Chepkemboi

Baba Padre, masista, makatekista wetu, wanajumuiya ya Mtakatifu Ana, wakulima wenzetu wa kituo cha chai, majirani wa juu na wa chini ya barabara, na ninyi mliotoka mbali, familia inawashukuru kwa kuacha kazi zenu wakati huu ambapo mvua imeanza na chai inachipuka kwa fujo, mkaja kuketi nasi. Naitwa Kipkurui, kitinda mimba wa marehemu, nami nimepewa kazi ya kusoma historia hii tuliyoiandika na dada yangu Chemutai, kisha kaka yetu mkubwa Kiptanui akaipitia na kufuta alichofuta. Mkisikia jina la Kipkurui humu ndani msishtuke, nitalisoma kama la mtu mwingine, maana nikianza kusema mimi, mimi, sitafika mwisho wa karatasi.

Mama Caren Chepkemboi alizaliwa tarehe 3 Aprili 1953 karibu na Sosiot, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Kipkemoi arap Tonui na mama Tapkigen, jua likiwa limeshazama, ndiyo maana akaitwa Chepkemboi. Jina la Caren alilipata kwenye ubatizo tarehe 24 Desemba 1963, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba alilichagua kwa sababu sista aliyewafundisha katekisimu aliitwa hivyo, tena sista huyo alikuwa na baiskeli.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1962, akawa mwepesi wa kusoma na mzito wa hesabu, na alipomaliza darasa la saba mwaka 1968 baba yake alisema karo iliyobaki ni ya kaka zake, naye akalia siku tatu, siku ya nne akaenda kwa sista kuomba kitabu chochote cha kusoma. Alipewa Agano Jipya lililotoka jalada, akalishonea jalada la kitambaa cha gunia, na kitabu hicho kimo mikononi mwake ndani ya sanduku hili mnaloliona.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1976 alikuwa mchumaji katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho, akajifunza kuchuma majani mawili na kichipukizi, si zaidi, mikono yake miwili ikienda kama ya mtu anayefukuza nzi, na huko ndiko Mzee Johana arap Maritim alikomwona. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, wakahamia hapa Roret kwenye ekari mbili ambazo wakati huo zilikuwa kichaka kitupu, wakapanda chai mche kwa mche, na Mungu akawajalia Kiptanui mwaka 1978, Chemutai mwaka 1981 na Kipkurui mwaka 1992, pamoja na wengine wawili waliotangulia wakiwa wachanga. Mzee Johana alituacha tarehe 6 Juni 2009, na mama hakuolewa tena wala hakutaka kusikia habari hiyo, aliyejaribu kuileta alipewa chai na kuonyeshwa mlango.

Sasa tuseme juu ya kalenda, kwa sababu hakuna mtu hapa anayeweza kusema alimjua Mama Caren bila kuijua kalenda yake. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 1989, tarehe 3 Desemba, parokia iligawa vitabu vidogo vya masomo ya kila siku, na tangu asubuhi iliyofuata hadi alipopoteza macho mama hakukosa hata siku moja, alikuwa akimaliza kukamua anaketi kwenye kigoda kando ya jiko, anasoma somo la kwanza, zaburi na injili kwa Kiswahili, halafu anatoka nje na kumweleza ng'ombe wake Chelel, jina alilowapa ng'ombe wake wote mmoja baada ya mwingine, kwa Kikipsigis, akisema kwamba kama huwezi kulieleza Neno kwa ng'ombe basi hujalielewa. Baada ya hapo alijiuliza swali moja, Neno leo linanituma kwa nani, na jina lililomjia aliliandika kwenye kalenda ya kanisa iliyotundikwa jikoni, ndani ya kile kijisanduku cha tarehe, na jioni akirudi kutoka kwa mtu huyo aliweka alama. Hakupenda mahubiri marefu, Baba Padre utusamehe, alisema injili ambayo haikukutoa nje ya mlango kabla ya giza kuingia umeisoma bure.

Mnakumbuka wenyewe jinsi ilivyokuwa. Ukimwona Mama Caren anakuja na chupa ya chai kwapani ulijua leo somo limekuangukia wewe, na ulianza kujikagua haraka haraka kama una njaa, una huzuni, au una dhambi. Tarehe 14 Desemba 1997 injili ilisema mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo, naye akamgawia mtu mmoja sokoni Roret koti la Mzee Johana, kitambulisho kikiwa mfukoni, wiki mbili kabla ya uchaguzi, na mzee alikitafuta kufa kupona nyumba nzima mpaka mama alipokumbuka. Mtu yule alirudisha kitambulisho ila koti alikataa katakata kulirudisha, na mama akamtetea. Siku ya injili ya mikate mitano tulilala na uji, kwa sababu githeri yote, mahindi na maharagwe ya jioni, ilikuwa imekwenda kwa wachumaji walionyeshewa barabarani.

Lakini mama hakuwa malaika, na angekuwa hapa angekasirika tukimpaka sukari. Alikuwa na mdomo, alikuwa na haraka ya kuhukumu, na akishika jambo halimtoki, na tangu mwaka 2003 alipochaguliwa kwenye kamati ya kituo cha kununulia chai watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa karani. Na hapo tunafika mahali ambapo familia ilikaa siku mbili ikibishana kama pasomwe au pasisomwe, mpaka Chemutai akasema mama mwenyewe alilisema jambo hili mbele ya watu, sisi ni nani tumfiche, basi nasoma.

Priscillah Wangeci, ambaye ameketi pale mbele na shali ya buluu, alikuja Roret mwaka 1996 pamoja na mumewe Ndung'u kutoka Nyeri, wakafungua duka la vyombo, baadaye wakanunua shamba la chai linalopakana na letu, mpaka wetu ukiwa kijia kinachotosha mtu mmoja na kikapu chake. Waliishi vizuri na mama, walisali jumuiya moja, mama akamwita Mama Kinuthia na yeye akamwita Mama Kiptanui, na mtoto wa huku akikosa kwao alikula kule. Katikati ya mwaka 2014 mama alianza kukuta mistari yake ya chini, ile ya kando ya kijia, imeshachumwa kabla ya siku yake, mara ya kwanza akanyamaza, mara ya pili akahesabu siku, mara ya tatu akaacha kulala. Naye aliona kwamba Wangeci alikuwa amepogoa nusu ya chai yake mwaka huo, vichaka vimebaki vijiti, ila kila siku ya kuuza kikapu chake kilijaa.

Jumanne tarehe 12 Agosti 2014, kituoni, wakulima wakiwa zaidi ya arobaini na lori la kiwanda limeshafika, Wangeci alimwaga majani yake kwenye meza ndefu ya kuchambulia, na mama akaweka mkono wake juu ya majani hayo, akamwambia karani Ombui asipime, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani chai iliyopogolewa inatoa wapi majani haya yote, akamwita mwizi. Wangeci alijaribu kusema kwamba amekodi mistari ya Mzee Gekara ng'ambo ya kijito, na Mzee Gekara angeweza kuulizwa, nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi, lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza. Nasi tuliamini upesi, tuseme ukweli mbele ya mwili wake, kwa sababu yule mama anaitwa Wangeci na hakuzaliwa hapa, angekuwa binti wa hapa tungeuliza swali moja au mawili kwanza. Kamati ilimsimamisha siku hiyo hiyo, akawa anabeba majani yake mgongoni kuvuka kijito hadi kituo kingine, mvua inanyesha, utelezi, na mume mgonjwa nyumbani, duka lake likakosa wateja, na kwenye jumuiya alikuja mara mbili akakuta viti vya kando yake vimebaki vitupu, mara ya tatu hakuja.

Jumamosi tarehe 22 Novemba mwaka huo huo, pikapu ya mabroka, wale wanaonunua majani kichinichini bila kupitia kituoni, ilisimama kwenye geti letu, na dereva, kijana mwenye adabu, akashuka na gunia lililokunjwa vizuri akamwambia mama, gunia lako hili, mtu wa nyumba hii alilisahau kwetu. Lilikuwa gunia la mama kweli, lenye uzi wa kijani ambao alishonea magunia yake yote ili yasipotee. Mama alilipokea, akamshukuru kijana, akaingia jikoni na kukaa chini, na Chemutai aliyekuwa amekuja kumtembelea anasema alikaa akiufuata ule uzi wa kijani kwa kidole.

Kwa hiyo aliujua ukweli miezi mitatu baada ya kumwita jirani yake mwizi, na aliunyamazia, kwa sababu kumsafisha Wangeci kulimaanisha kumchafua mtu wa nyumba yake, na mama mzazi ni mama mzazi. Aliendelea kusoma kila asubuhi, aliendelea kuandika majina na kuweka alama, alibeba chupa za chai kwa wagonjwa wa vijiji vitatu, na watu wakamsifu, ila sisi tuliokuwa nyumbani tuliona amekonda na anasoma bila kutoka kwenda kumweleza Chelel.

Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima, kila mwaka, injili ni ile inayosema ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, uende kwanza ukapatane naye. Mwaka 2015 ilikuwa tarehe 27 Februari, na mama aliandika Wangeci kwenye kalenda, akachukua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha na mkaa, ambayo hapa kwetu hayapelekwi kwa mtu usiyemheshimu, akavuka kijia akabisha hodi mlango wa nyuma. Wangeci alimfungulia, akamsikiliza mpaka mwisho akiomba msamaha, halafu akamwambia kwa upole, “Mama Kiptanui, mwizi uliniitia mezani, watu wakiwa wamejaa. Msamaha nao usiniletee jikoni.” Mama alirudi na kibuyu chake, na jioni hakuweka alama.

Alikwenda tena mwaka 2016, akajibiwa vivyo hivyo, na mwaka 2017, na mwaka 2018, kila Kwaresima kibuyu kinakwenda na kibuyu kinarudi, mpaka watoto wa Wangeci wakawa wanaijua siku hiyo na kumfungulia geti kabla hajabisha. Ndung'u alipofariki Septemba 2017 mama alikaa siku tatu nyuma ya nyumba yao akiosha sufuria za matanga, mahali ambapo hakuna mgeni angemwona, na Wangeci hakumfukuza wala hakumsalimu, alipita tu na kumwongezea maji ya moto kwenye karai.

Tarehe 15 Machi 2019, Ijumaa hiyo hiyo ya Kwaresima, mama aliamka, akakamua, akasoma, na baadaye aliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba miaka yote hiyo alikuwa akilisoma somo lile kama barua ya jirani iliyopotea njia. Injili ilimwambia aache sadaka aende, yeye alibeba sadaka na kuuacha ukweli nyumbani, kibuyu mkononi na uongo ungali pale mezani alipouweka. Siku hiyo hakuchukua kibuyu. Alipiga simu moja, akapitia dukani kwa Wangeci akamwambia, “Mama Kinuthia, nakuomba saa nane uwe kituoni, hata ukisimama mbali,” kisha akaenda kuchuma kama kawaida.

Saa nane lori lilikuwa limefika na foleni ilikuwa ndefu, Wangeci amesimama kando ya nguzo amekunja mikono, uso mkavu. Mama alimwaga majani yake, akaweka mkono juu ya majani hayo yake mwenyewe, akamwomba Ombui asimamishe mizani, na Ombui anasema alidhani mama ameona mwizi mwingine. Maneno yake watu wengi hapa waliyasikia, nami nayasoma kama yalivyosemwa: “Tarehe kumi na mbili Agosti, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne, nilimwita huyu mama mwizi mahali hapa. Hakuiba. Majani yangu yalichumwa na mtu wa nyumba yangu, nami nimejua hilo zaidi ya miaka minne nikanyamaza. Mimi ndiye niliyemwibia, nilimwibia jina lake. Kamati naiacha leo. Mama Kinuthia, naomba msamaha, na ninyi nyote mliomtazama vibaya mlitazama kwa macho niliyowapa mimi.”

Wengine walitazama chini, wengine walitazama majani, mzee mmoja aliguna akasema lo, mwanamke mmoja akaanza kulia, na dereva wa lori ambaye hakujua lolote alipiga honi akitaka waharakishe. Wangeci aliachia mikono yake, akaja polepole hadi mezani, akachukua kikapu cha mama kilichokuwa kitupu akakining'iniza begani kwake, akamwambia, “Sasa unaweza kuja jikoni.” Waliondoka pamoja wakiwa hawajashikana mikono wala hawajakumbatiana, mbele ya watu wote, na jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, jina la Wangeci liliwekwa alama.

Wale waliotarajia kwamba hao wawili watakuwa marafiki wa kuchekeana tu hawakuwajua. Walibishana kuhusu tangawizi kwenye chai, walibishana kuhusu nani anachuma majani magumu, na Wangeci aliporudi jumuiya mwezi Aprili walibishana hata kuhusu wimbo wa kufungia. Lakini macho ya mama yalipofifia mwaka 2022 kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, aliyevuka kijia kila asubuhi baada ya kukamua, akaketi kwenye kigoda na kumsomea masomo ya siku, ni huyo Wangeci, akisoma kwa lafudhi yake, mama akimrekebisha kwa lafudhi yake, na wote wawili wakikosea. Ndiye aliyeandika majina kwenye kalenda kwa mkono wake, mama akimtajia, na ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwa wenye majina hayo mpaka miguu nayo ilipokataa. Katika miaka hiyo yote hakumuuliza hata mara moja yule mtu wa nyumba yake alikuwa nani.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa Julai 2016, figo zikaanza kuchoka Mei 2024, na mama alihudhuria kliniki Kericho kila mwezi bila kulalamika isipokuwa juu ya chakula kisicho na chumvi, ambacho alikilalamikia kwa moyo wote. Ijumaa tarehe 14 Machi mwaka huu wa 2025 ilikuwa tena ile Ijumaa ya Kwaresima, Wangeci akamsomea injili ile ile wanayoijua wote wawili, akakamata kalamu akisubiri, na mama akamtajia jina, likaandikwa. Jumapili tarehe 16 alipakwa mafuta matakatifu ya wagonjwa, Jumatatu akalazwa hospitalini, na Jumatano tarehe 19 Machi 2025, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, saa nne asubuhi, akapumua mara ya mwisho Chemutai akiwa kando yake. Jina lile la Ijumaa halikupata alama.

Karatasi niliyopewa inasema jina hilo lilikuwa la mtu wa familia, halafu inaruka kwenda kwenye shukrani. Kaka Kiptanui, nisamehe, najua ulifuta kwa kunihurumia, lakini sitaruka.

Jina ni Kipkurui. Na yule mtu wa nyumba yake aliyechuma mistari ya chini alfajiri na kuwauzia mabroka ili apate ya pombe, ni Kipkurui huyo huyo, ni mimi ninayesoma. Mama aliponiwekea lile gunia miguuni nilikana, kisha nikakubali, kisha nikakimbilia Kericho, na huko nimekuwa fundi wa kuchomelea milango, watu wananiita fundi mwaminifu, na kila wakiniita hivyo nashusha kinyago cha kuchomelea usoni. Ile simu moja aliyopiga asubuhi ya tarehe 15 Machi 2019 alinipigia mimi. Nilimsihi asiende mezani, nikamwambia, “Mama, watu watanijua tu,” naye akanijibu, “Sitakutaja, mwanangu, hilo ni lako. Mimi natoa la kwangu.” Miaka sita nilijiambia kwamba lake limetosha kwa wote wawili.

Ijumaa ile ya mwezi huu Wangeci alimshikia simu sikioni, nami nikasikia mama anahema, akasema, “Kipkurui, nilikuficha nikidhani nakupenda. Ningekupenda vizuri ningekushika mkono tukaenda wote. Njoo.” Nikamwambia nina geti la mteja la kumaliza, nitakuja Jumapili. Jumapili nikasema Jumapili ijayo. Hamkunisikia nikilia wakati wa kuutazama mwili, mkadhani nimejikaza, sikuwa nimejikaza, nilikuwa naona haya.

Jana mchana Mama Kinuthia alinikuta pale zizini, akanipa kalenda imekunjwa, akaniambia maneno mawili tu, “Ni yako,” akaenda kuwasaidia wanaomenya viazi. Sijui alijua tangu lini.

Mama Kinuthia, mwizi nilikuwa mimi. Ulibeba majani mgongoni kuvuka kijito kwa sababu yangu, ulimuuguza Baba Kinuthia ukiwa na aibu ambayo ilikuwa yangu, viti vilibaki vitupu kando yako kwa sababu yangu. Nimelisema hapa kwa kuwa watu ni wengi kuliko wale wa mezani, na kwa kuwa uliyemsomea Neno miaka mitatu amelala hapa anasikia. Sikuombi unijibu leo, ungenijibu kwa kumheshimu yeye. Nitakuja na kibuyu. Ukinifungulia nitaingia, ukikataa nitarudi nacho, na Kwaresima ijayo nitakuja tena, njia naijua, mama ameshaikanyaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Kericho na zahanati ya hapa Roret, waliovumilia kuulizwa kila wiki kama injili ya siku wameisoma, inawashukuru majirani waliokata kuni na kuchota maji, wanajumuiya ya Mtakatifu Ana waliosali nasi jioni zote kumi, karani Ombui na wakulima wa kituo mliokubali kusimamisha kazi ya leo, na wafanyakazi wenzangu wa Kericho ambao wamesikia leo wanafanya kazi na nani. Baba Padre, asante kwa kumpelekea Ekaristi nyumbani na kumaliza chai yake yote.

Kalenda iko hapa, chini ya karatasi hizi, na kijisanduku cha tarehe 14 kina jina langu kwa mwandiko wa Mama Kinuthia. Kalamu ninayo mfukoni, lakini alama sitaiweka mimi, namwachia aliyeliandika, siku atakayoona inafaa.

Mama Caren, Bot Kiptanui, mama wa Kiptanui na wangu, mwanao nimechelewa ila nimefika mezani. Pumzika sasa katika amani ile uliyoitafuta kwa miguu yako.